Chupa Mbili, Kikombe Kimoja: Historia Fupi ya Mpira wa Silikone Maabarani

Leo naomba tuweke kando lugha za programu na hifadhidata, tuzungumze kuhusu mpira. La, si ule wa Gor na Ingwe! Nazungumzia mpira wa silikone, ule unaouzwa ukiwa chupa mbili za majimaji mazito kama asali. Unachanganya, unasubiri, na asali yako inageuka kipande cha mpira laini kinachopitisha mwanga kama kioo.

Utauliza, mtengenezaji wa programu anatafuta nini kwenye chupa za wakemia? Sababu yangu ni hii. Mwaka 2002 jarida la Science lilichapisha habari za chipu ya mpira huu, kitu cha kutosha kiganjani, yenye vali 2,056 ndani yake. Vali, yaani milango midogo ya kufunga na kufungua maji. Na namna ya kuziamrisha vali hizo ilikuwa ni ile ile tuliyofundishwa chuoni katika somo la saketi za dijitali. Nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza maswali mawili. Kwanza, gundi iliyotengenezwa kufunika nyaya ilifikaje hapo? Pili, kama ilifika hapo mwaka 2002, mbona ukienda kliniki leo kupimwa malaria huioni?

Majibu ya maswali haya mawili, kama utakavyoona, yanatoka chupa moja. Ama niseme chupa mbili.

Jina lililokosewa

Kwanza tutenganishe majina. Silikoni ni elementi, ile inayotengenezewa chipu za tarakilishi zetu, ile iliyolipa bonde la California jina lake, nasi tukaliazima tukaiita Nairobi Savana ya Silikoni. Inapatikana kwenye mchanga, imeshikana na oksijeni. Silikone, yenye herufi e mwishoni, ni kitu kingine: ni mnyororo mrefu wa silikoni na oksijeni, silikoni, oksijeni, silikoni, oksijeni, na pembeni mwa kila silikoni yananing'inia makundi madogo ya kaboni na hidrojeni. Ukitaka kuukumbuka kwa urahisi, uti wa mgongo wake ni wa kioo, na ngozi yake ni ya mafuta. Ndiyo maana unastahimili joto kama kioo, lakini unakunjika na kufukuza maji kama mafuta.

Aliyetoa jina hilo ni Frederic Stanley Kipping, profesa wa kemia mjini Nottingham, Uingereza. Kuanzia mwaka 1899 alichapisha makala nyingi kuhusu silikoni na kaboni. Alidhani amepata kitu kinachofanana na ketoni za kemia ya kaboni, akakiita silikone. Haikuwa hivyo. Silikoni haipendi kushikana na oksijeni moja kwa mikono miwili kama kaboni inavyofanya. Inapendelea kujenga minyororo. Lakini jina likabaki. Sisi waandishi wa programu tunayajua mambo haya: mtu anakipa kipengele jina baya siku ya kwanza, na kabla hujageuka jina limeshaitwa mahali elfu moja. Nani atalibadilisha?

Kipping mwenyewe hakuyapenda yale majimaji ya kunata yaliyobaki katika vyombo vyake. Alikuwa akitafuta fuwele safi. Katika hotuba yake iliyochapishwa na Royal Society ya London mwaka 1937 alisema kwamba haoni matumaini makubwa ya maendeleo ya karibu katika tawi hili la kemia. Miaka michache tu baadaye, yale yale majimaji ya kunata yakawa ndiyo mali.

Umeme, joto na vita

Nchini Marekani, kampuni ya vioo ya Corning ilikuwa na tatizo la kiufundi. Walikuwa wamejifunza kutengeneza nyuzi za kioo, na nyuzi hizo zingefaa sana kuzungushiwa nyaya za mota za umeme kwa sababu kioo hakiungui. Lakini zilihitaji kitu cha kuzigandisha pamoja, na gundi zote za wakati huo ziliungua mota ilipopata moto. Katika miaka ya 1930 mkemia wao J. Franklin Hyde alianza kutafuta kitu cha katikati, nusu kioo na nusu plastiki. Akaangukia silikone.

Kampuni ya General Electric nayo ilikuwa ikitengeneza mota, kwa hiyo haikutaka kuachwa nyuma. Mwezi Mei 1940 mkemia wake Eugene Rochow alipitisha gesi ya kloridi ya methili juu ya silikoni iliyochanganywa na shaba, kwenye joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, akapata malighafi ya silikone moja kwa moja. Kabla ya hapo kazi hiyo ilihitaji hatua nyingi na kemikali hatari. Karibu wakati huo huo Mjerumani Richard Müller aligundua njia hiyo hiyo peke yake, ndiyo maana mpaka leo inaitwa kwa majina ya wote wawili. Bila njia hii silikone ingebaki kitu cha vitabuni.

Mwaka 1943 Corning waliungana na Dow Chemical kuunda kampuni ya Dow Corning. Bidhaa yao ya kwanza ilikuwa grisi ya kuziba mfumo wa moto wa injini za ndege za kivita, kwa sababu ndege zilipopaa juu sana unyevu uliingia na umeme ukavuja. Wakati wa vita hiyo hiyo mpira wa silikone ulianza kutengenezwa. Na mwaka 1969 binadamu alipokanyaga mwezi, soli za viatu vya nje alivyovaa zilikuwa za mpira huu.

Lakini mpira huo wa kwanza ulikuwa wa kiwandani. Ulikandwa kama unga wa chapati, ukatiwa peroksidi, ukapikwa kwa joto kali ndani ya mashine za kugandamiza. Mtu wa maabara ndogo hakuwa na la kufanya nao.

Kwa nini chupa mbili?

Hapa ndipo historia inapoanza kunipendeza.

Majimaji ya silikone ni minyororo iliyolala pamoja kama tambi kwenye sahani. Kila uzi unateleza juu ya mwenzake. Yanakuwa mpira pale nyuzi zinapofungwa mafundo, uzi huu na ule, hadi sahani nzima inakuwa wavu mmoja. Wakemia wana maneno yao; mimi nitasema mpira umeiva. Wala usiseme umekauka! Rangi ya ukuta inakauka kwa sababu kuna kitu kinachotoka hewani. Tofauti hiyo ni muhimu, utaona.

Swali ni: utazuiaje mafundo yasifungwe dukani, halafu yafungwe pale unapotaka?

Jibu la kwanza ni bomba lile tunalonunua hadweya la kuziba kandokando ya sinki na madirisha. Umeshasikia harufu yake ya siki? Hiyo ni asidi ya siki kweli, inatoka wakati unyevu wa hewa unapoanzisha mafundo. Ni njia nzuri kwa mstari mwembamba. Lakini unyevu huingilia nje kwenda ndani, hivyo ukimwaga bonge nene, nje linaiva na katikati linabaki bichi kwa muda mrefu.

Jibu la pili ni kutenganisha. Weka kitu kimoja chupa ya kwanza, mwenzake chupa ya pili, wasionane mpaka siku ya kazi. Ukishachanganya, mafundo yanafungwa kila mahali kwa pamoja, ndani na nje. Ukiwahi kutumia gundi ya Araldite unaijua dhana hii. Silikone za chupa mbili za aina moja zilitumia kichocheo cha bati. Zilifanya kazi, ila kila fundo likifungwa hutoa pombe kidogo, pombe inatoroka, na kipande kinasinyaa. Kwa mtu anayetaka nakala halisi ya kitu, kusinyaa ni hasara.

Jibu la tatu ndilo lililoshinda maabarani. Mwaka 1957 John Speier na wenzake wa Dow Corning walichapisha matokeo yao kwamba kiasi kidogo mno cha platinamu kinaweza kuunganisha silikoni yenye hidrojeni na kundi la kaboni lenye mkono wa ziada. Mwaka 1973 Bruce Karstedt wa General Electric alipata hataza ya kichocheo cha platinamu kinachoyeyuka vizuri ndani ya silikone yenyewe, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Katika njia hii minyororo ya upande mmoja ina mikono inayoitwa vinili, na ya upande wa pili ina mikono ya hidrojeni. Platinamu inawakutanisha: mkono mmoja wa vinili na mmoja wa hidrojeni vinashikana, basi. Hakuna kinachotoka. Si siki, si pombe. Kwa sababu hakuna kinachotoka, kipande hakisinyai ila kidogo sana, na nakala inakuwa sahihi hadi kwenye vitu vidogo kuliko unywele.

Daktari wa meno akikuwekea kinyago cha unga laini mdomoni kuchukua umbo la meno yako, mara nyingi ni kemia hii hii.

Kumi kwa moja

Bidhaa inayojulikana zaidi katika maabara ni Sylgard 184 ya Dow Corning (Dow iliichukua kampuni hiyo yote mwaka 2016). Haikutengenezwa kwa ajili ya sayansi. Ilitengenezwa kwa mafundi wa elektroniki, wamwagie saketi zao ili kuzikinga na unyevu na mtikisiko. Kwa kuwa inapitisha mwanga, fundi angeona kijenzi kilichoharibika, akakata mpira, akabadilisha, akamwaga tena.

Utaratibu wake ni rahisi kuusema. Pima kwa mizani, si kwa macho: gramu 10 za chupa kubwa kwa gramu 1 ya chupa ndogo. Koroga dakika kadhaa, ukikwangua pembe na chini ya kikombe, kwa maana pale ambapo kijiti hakikufika hapataiva sawasawa. Ukikoroga vizuri utaona kikombe kimejaa viputo, na hiyo ni dalili nzuri. Weka kikombe ndani ya chombo cha ombwe, pampu ivute hewa, viputo vinavimba, povu linapanda (tumia kikombe kikubwa!), kisha vinapasuka na majimaji yanakuwa safi. Mwaga juu ya kalibu. Halafu subiri. Kwa maelezo ya mtengenezaji ni saa 48 kwenye nyuzi 25, au dakika 35 kwenye nyuzi 100, au dakika 10 kwenye nyuzi 150. Una kama saa moja na nusu ya kufanyia kazi kabla majimaji hayajawa mazito mno.

Kuna adui mmoja wa kujua. Platinamu iliyomo ni kidogo mno, sehemu chache katika milioni, na hiyo kidogo inaweza kutiwa sumu. Salfa inaiua. Amini zinaiua. Bati linaiua. Kwa hiyo glavu za mpira wa kawaida, ambao huivishwa kwa salfa, zinaweza kuacha alama isiyoiva mahali zilipogusa. Wanaojua huvaa glavu za nitrili. Udongo wa kufinyangia wenye salfa nao ni hatari. Na kama kalibu yako iligusana na silikone ile ya bati, silikone yako ya platinamu inaweza kukataa kuiva hapo hapo ilipogusana nayo, ikabaki utelezi wa kunata. Silikone mbili, ndugu wa damu, haziwezi kukaa chumba kimoja.

Je, ukikosea uwiano? Hapa kuna jambo la ajabu, nalo ndilo kitovu cha habari yangu. Ukiweka kidogo mno cha chupa ndogo, mpira unaiva ukiwa laini na wa kunata kidogo. Ukizidisha, unabadilika kwa namna nyingine. Lakini unaiva. Mikono iliyopata wenzake inashikana, na ile iliyozidi inabaki wazi, haina wa kumshika. Shika neno hilo, mikono iliyobaki wazi. Tutalirudia.

Siku moja badala ya miezi

Katika miaka ya 1990 wanasayansi wengi walitaka kupitisha maji, damu na kemikali ndani ya mifereji myembamba kuliko uzi wa kushonea. Faida ni wazi: tone moja linatosha vipimo vingi, na matokeo yanakuja haraka. Lakini mifereji hiyo ilichongwa kwenye kioo au silikoni, kwa teknolojia ya viwanda vya chipu, katika vyumba visivyo na vumbi. Ukipata wazo Jumatatu, unasubiri wiki au miezi kuliona. Na kama wazo lilikuwa bovu, pole.

George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa tayari anatumia silikone. Mwaka 1993 yeye na Amit Kumar walionyesha mhuri wa mpira huu unaopiga chapa ya molekuli juu ya dhahabu, kama vile karani anavyopiga muhuri risiti. Mwaka 1998 kundi lake lilichapisha njia nzima ya kutengeneza mifereji, na njia yenyewe ni hii. Chora mifereji kwenye tarakilishi. Piga chapa mchoro kwenye karatasi ya plastiki angavu, kwa printa ya ubora wa juu. Paka utomvu unaogandishwa na mwanga juu ya kisahani cha silikoni, weka karatasi juu, angaza kwa mwanga wa urujuanimno. Osha. Pale mwanga ulipopita panabaki matuta. Hiyo ndiyo kalibu. Changanya kumi kwa moja, mwaga, ivisha, bandua. Matuta yamekuwa mifereji. Pitisha plazma ya oksijeni juu ya mpira na juu ya kipande cha kioo, vibandike, na havitaachana tena.

Tangu mchoro hadi kifaa: chini ya saa 24. Na kalibu unaitumia tena na tena.

Ona pia jinsi ndugu wawili wanavyokutana hapa. Silikone inamwagwa juu ya silikoni, inachukua umbo lake, inabanduka. Elementi moja, mara ya kwanza ikiwa ngumu kama jiwe, mara ya pili ikiwa laini kama sikio la mtoto.

Mimi naamini hiyo siku moja ndiyo iliyobadilisha mambo, kuliko kemia yenyewe. Sisi tunajua. Programu unayoweza kuijaribu kila baada ya dakika unaiandika tofauti na ile unayoipeleka mahali ikajibu baada ya wiki. Unathubutu zaidi. Unatupa zaidi. Na mwanafunzi asiye na chumba cha mamilioni anaweza naye kujaribu.

Uwiano uliopotoshwa kwa makusudi

Sasa tuirudie ile mikono iliyobaki wazi.

Mwaka 2000 Stephen Quake na wenzake wa Caltech, California, walichapisha vali iliyotengenezwa kwa mpira mtupu. Walitumia silikone ya General Electric iitwayo RTV 615, chupa A na chupa B. Chupa A ina mikono ya vinili pamoja na platinamu. Chupa B ina mikono ya hidrojeni. Uwiano wa kawaida ni kumi kwa moja. Wao hawakuufuata. Tabaka moja walilichanganya likawa na A kupita kiasi, na la pili likawa na B kupita kiasi. Kila tabaka likaiva peke yake juu ya kalibu yake. Moja lilibaki na mikono ya vinili wazi, jingine na mikono ya hidrojeni wazi. Wakayalaza moja juu ya jingine, wakatia joto. Mikono iliyozidi huku ikaikuta iliyozidi kule, ikashikana. Matabaka mawili yakawa kipande kimoja, bila gundi, bila mshono.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu sasa una mifereji ghorofa mbili. Ghorofa moja hupita maji, nyingine hupita hewa. Zinapopishana pana utando mwembamba wa mpira, kama mikromita 30. Ukisukuma hewa, utando unavimba na kuufunga mfereji wa maji. Ukiachia, unarudi. Hiyo ni vali. Kwa silikoni ngumu haiwezekani kwa udogo huo, kwani silikoni ni ngumu zaidi ya mara 100,000 kuliko mpira huu. Utando wake ungehitaji kuwa mpana mno ndipo upinde.

Wakapanga vali tatu mfululizo na kuziendesha kwa mfuatano huu: 101, 100, 110, 010, 011, 001. Moja ni kufunga, sifuri ni kufungua. Fuata kwa kidole utaona maji yanasukumwa mbele kama chakula kooni. Pampu! Programu ya mistari sita, na mashine yake ni mpira.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2002, Todd Thorsen, Sebastian Maerkl na Quake wakachapisha ile chipu ya vali 2,056 niliyoitaja mwanzoni, na nyingine yenye vyumba 1,000 vinavyofikiwa kimoja kimoja. Kama kila mfereji wa maji ungehitaji bomba lake la hewa, mezani pangekuwa na msitu wa mabomba. Walitumia multipleksa. Kila mfereji ukapewa namba ya jozi. Kila biti ikapewa mistari miwili ya hewa: mmoja unaifunga mifereji yote ambayo biti hiyo ni 0, mwingine unaifunga yote ambayo ni 1. Mstari ulipokuwa mpana juu ya mfereji uliufunga. Ulipokuwa mwembamba ulipita tu bila kuugusa. Biti 10, mistari 20, mifereji 1,024. Ukiongeza mistari miwili tu, mifereji inaongezeka maradufu. Wenzangu, hiyo ni logi ya msingi wa 2 iliyoandikwa kwa hewa na mpira!

Na yote hayo yalianzia kwenye kikombe ambacho mtu mwangalifu angesema kimechanganywa vibaya.

Mbona haiko kliniki?

Swali la pili sasa. Fikiria kipimo cha malaria tunachokijua hapa: tone la damu kwenye utepe wa karatasi maalumu ndani ya kijaluba cha plastiki, subiri, tazama mistari. Cha mimba vile vile. Cha korona kilikuwa hivyo. Hakuna mpira wa silikone humo, wala vali.

Sababu zimo ndani ya mpira wenyewe. Kwanza, kusubiri oveni ni sawa kwa vipande vitano, lakini plastiki ya kawaida hupulizwa ndani ya kalibu na kutoka kwa sekunde. Pili, ile ngozi ya mafuta inafyonza molekuli ndogo zenye asili ya mafuta. Mwaka 2006 Michael Toepke na David Beebe walionyesha jinsi mpira huu unavyozimeza. Ukipima dawa ndani yake, sehemu ya dawa yako imeingia ukutani. Tatu, hewa na mvuke hupenya, kwa hiyo tone dogo linakauka. Nne, vali zinataka hewa ya kusukuma, na hewa inataka mashine kando. Chipu inatosha kiganjani, lakini meza yake hatuwezi kuibeba kwenda Turkana.

Tazama waliotoka maabarani walifanya nini. Mwaka 2011 kundi la Samuel Sia wa Chuo Kikuu cha Columbia lilichapisha matokeo ya kipimo chao cha VVU na kaswende kilichojaribiwa nchini Rwanda. Kilihitaji mikrolita moja ya damu na dakika kama 20. Ulikuwa ni mfumo wa mifereji midogo kweli, lakini mifereji yenyewe ilikuwa ya plastiki iliyomwagwa kiwandani, si silikone. Na Whitesides mwenyewe, mwalimu mkuu wa kumi kwa moja, mwaka 2007 kundi lake lilichapisha vipimo vya mkojo vilivyochorwa kwenye karatasi, likifikiria hasa nchi zisizo na maabara nyingi. Aliyeufundisha ulimwengu mpira alipofikiria watu kama sisi alichukua karatasi.

Je, basi mpira ulishindwa? Kuna wanaosema hivyo. Mimi nasema hapana. Sisi tuna kielelezo tunachokiandika usiku mmoja ili tujue kama wazo lina miguu, halafu tuna mfumo wa kweli utakaohudumia watu. Ni nadra viwili hivi kuandikwa kwa zana moja. Silikone ilikuwa zana ya kwanza, na katika hilo haikuwa na mpinzani. Tena kuna kazi inayoihitaji mpaka mwisho: mwaka 2010 kundi la Donald Ingber la Harvard lilitengeneza chipu ya pafu, chembe hai za binadamu pande mbili za utando wa silikone wenye unene wa mikromita 10, na ombwe la pembeni likiuvuta utando utanuke na kurudi kama unavyopumua. Plastiki ngumu haipumui.

Kinachonihusu zaidi ni hili. Tukisikia chipu za maabara, haraka tunauliza kifaa kitafika lini na kitauzwa bei gani. Hilo ni swali la mnunuzi. Wale waliotengeneza utepe wa karatasi na plastiki ya Rwanda walipitia kwanza miaka ya kujaribu, na mjaribu anahitaji kitu kinachomjibu ndani ya siku moja. Mizani sahihi, kikombe safi, pampu ya ombwe, oveni, glavu zisizo na salfa, na kalibu. Kalibu tu ndiyo ngumu, na hiyo inaweza kuagizwa ikatumika mara nyingi. Hivi si vitu vya kuota. Chuo chenye maabara ya kemia ya kawaida tayari kina vingi vyavyo. Anayesubiri kifaa kiletwe atakipata siku moja. Anayechanganya atajua kwa nini kimetengenezwa hivyo, na ataweza kutengeneza cha tatizo ambalo mtu wa Boston au California hajawahi kuliona.

Wakemia mnaosoma hapa, najua nimerahisisha. Kama kuna mahali nimerahisisha mno, semeni tuelewane. Na wewe mwanafunzi wa tarakilishi, ule mfuatano wa 101, 100, 110 jaribu kuuandikia programu ndogo ya kuchora vali tatu kwenye skrini. Ni kazi ya jioni moja. Ukimaliza, badilisha mfuatano uurudishe nyuma, uone maji yanaenda wapi.